Nosferatu ya 1922: tafuta kopi yenye rangi

Watu wengi wanaokuja kwetu maktaba ya filamu kuulizia sinema za zamani wanaijua Nosferatu, ile sinema bubu ya Kijerumani ya vampaya (mnyonya damu), kwa sura tu, yule kipara mwenye masikio kama popo na makucha marefu, halafu wakishaiangalia YouTube wanasema mbona inachekesha, mbona vampaya anakatiza mtaani mchana kweupe na jeneza lake kwapani? Jamani, pale ni usiku.

Mwaka 1921 walipokuwa wanashuti, filamu haikuwa na uwezo wa kunasa picha nzuri gizani, kwa hiyo mwongozaji F. W. Murnau na mpigapicha Fritz Arno Wagner walipiga juani, kisha kopi za kuonyeshea zikachovywa rangi, bluu kwa usiku, njano kwa ndani ya nyumba, pinki kwa alfajiri. Kopi nyingi zilizozagaa mtandaoni hazina hizo rangi, zimebaki nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mtazamaji hajui tena saa ngapi ni saa ngapi.

Na hii muvi yote inategemea usiku na mchana! Kwenye riwaya waliyoitolea hadithi, Dracula ya Bram Stoker ya 1897, mnyonya damu mchana anatembea vizuri tu ila nguvu zinapungua, na mwishoni anauawa kwa visu. Kifo cha mwanga wa jua wamekileta hawa Wajerumani, na leo kila mtu anadhani ndo ilivyokuwa tangu zamani.

Riwaya hawakuiombea ruhusa. Walibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa Wisborg, lakini mjane wa Stoker, Florence, aliwashtaki na mwaka 1925 mahakama ikaamuru kopi zote ziharibiwe. Bahati nzuri zingine zilishatoka nje ya Ujerumani.

Mimi nawaomba muangalie sana kile kivuli kinachopanda ngazi, Max Schreck, mwigizaji wa Orlok, mwenyewe haonekani, ni mgongo uliopinda na vidole vinarefuka ukutani mpaka mlangoni kwa Ellen, yule mwanamke anayewindwa na Orlok, halafu kivuli cha mkono kinamfumbata moyo na yeye anajikunja kwa maumivu. Hakuna kompyuta hapo, ni taa na ukuta basi.

Tafuta kopi ile iliyokarabatiwa na Wakfu wa Murnau wa Ujerumani, yenye rangi zake na muziki wa Hans Erdmann ulioundwa upya, ni kama saa moja na nusu hivi.