Kuondoa silaha za nyuklia: yanayosemwa na yaliyotokea kweli

Kila habari za nyuklia zikiibuka utasikia mtu anasema hakuna nchi iliyowahi kuwa na bomu ikaliachia. Sio kweli kabisa. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita kwa siri, la saba lilikuwa bado linaundwa, alafu ikayafungua yote yenyewe, ikajiunga na NPT, mkataba wa kuzuia silaha hizi zisienee, mwaka 1991, na Machi 1993 Rais de Klerk akasimama bungeni akatangaza kwamba yalikuwepo na sasa hayapo. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakaingia, wakapekua kumbukumbu na viwanda mpaka wakaridhika. Wapo wanaosema makaburu hawakutaka tu kuyaacha mikononi mwa serikali ya walio wengi iliyokuwa inakuja, na mi naona hoja hiyo ina uzito, lakini nia yao iwe ilikuwa nzuri au mbaya, mabomu yaliondoka na hayajarudi.

"Basi hiyo ni nchi moja ndogo, wakubwa hawajapunguza hata moja." Hapa ndo watu wengi wanapotea. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia kama 70,000, leo viko kama 12,000, na karibu asilimia 90 ya hivyo viko kwa Marekani na Urusi. Bado ni vingi mno, yaani lile bomu la Hiroshima lilikuwa na nguvu ya kilotani 15 hivi (sawa na kulipua tani 15,000 za baruti ya TNT) na vipo vichwa vya sasa vinavyopita kilotani 400 kimoja, kwahiyo sisemi tupumue. Nasema tu kwamba vichwa zaidi ya hamsini elfu havikuyeyuka vyenyewe, kuna watu walikaa mezani miaka na miaka, wakagombana, wakarudi tena mezani.

Alafu kuna hili la "wanadanganyana tu, nani ataenda kuhakikisha?" Walienda! Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Muungano wa Sovieti waliposaini INF, mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati, mwaka 1987, makombora 2,692 yaliharibiwa kufikia katikati ya 1991, na sio kwa kuaminiana kwa maneno. Wakaguzi wa Marekani walikuwa wanakaa kabisa nje ya kiwanda cha makombora cha Votkinsk huko Urusi, na wa Urusi nao wanakaa Utah, wanaangalia kinachotoka getini. Baadaye kwenye START, mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia za masafa marefu, ndege za Marekani za kubeba mabomu aina ya B-52 zilikatwa vipande kule Arizona na kuachwa juani ili satelaiti za upande wa pili zizione. Mi hiki kitu kinanigusa sana, maadui wawili wanaoweza kumalizana kwa nusu saa wamekubaliana mpaka namna ya kuacha mabaki ya ndege. Na ndo maana inauma kuona Marekani imejitoa INF mwaka 2019, Urusi ikasimamisha ushiriki wake kwenye New START, mkataba uliokuja baada ya START, mwaka 2023, na muda wa New START wenyewe ukafika ukomo Februari 2026. Tatizo sio kwamba ukaguzi hauwezekani, tatizo ni kwamba wameuacha.

Kwamba ukipinga bomu unapinga umeme wa nyuklia? Hapana. Urani ya vichwa vya Urusi, tani 500, sawa na vichwa kama 20,000, ilipunguzwa makali ikauzwa Marekani kuanzia 1993 hadi 2013 ikachomwa kwenye mitambo ya umeme. Taa ziliwaka kwa mabomu yaliyokuwa yamelenga nyumba hizo hizo.

Wengine wanasema NPT imewekwa kuwabana wanyonge tu. Nawaelewa, ila ukisoma ibara ya 6 inawataka wenye silaha nao wafanye mazungumzo ya kweli ya kuziondoa, na mwaka 1996 majaji wote wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki walikubaliana kwamba mazungumzo hayo ni wajibu na lazima yafikishwe mwisho. Kwahiyo hilo ni deni, na limekaa miaka mingi sana bila kulipwa.

Deni hilo kukaa hivyo ndo kulizaa mkataba wa 2017 wa kupiga marufuku silaha hizi moja kwa moja, nchi 122 zilipiga kura ya ndio na ukaanza kazi Januari 2021. "Wenye mabomu hawajasaini, una faida gani?" Ni kweli hakuna hata moja kati ya nchi tisa zenye mabomu iliyosaini. Lakini mkataba huu unazitaka nchi wanachama ziwasaidie walioumizwa na mabomu na majaribio yake, na Kazakhstan, ambako Wasovieti walilipua zaidi ya mara 450 pale Semipalatinsk, imo ndani. Kwa familia za kule zinazougua mpaka leo hiyo sio karatasi tu.

La mwisho ndo gumu zaidi: "yaacheni yalivyo, ndo yanayotulinda." Usiku wa Septemba 26, 1983 mitambo ya Wasovieti ilionyesha Marekani imerusha makombora matano. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaona haiingii akilini mtu aanze vita na makombora matano tu, akaripoti kwamba mitambo imekosea. Kumbe ilikuwa mwanga wa jua umepiga kwenye mawingu. Usiku ule kilichotulinda kilikuwa wasiwasi wa mtu mmoja juu ya mitambo yake, na hata sasa kuna vichwa kama 2,000 vinavyokaa tayari kurushwa ndani ya dakika chache.