Nguzo za chuma za ushuru wa makaa London: jinsi ya kuzisoma na kuzitunza

Kando ya barabara nyingi za pembezoni mwa London kuna nguzo ya chuma ya pembe nne, kimo chake karibu mita 1.2 kutoka ardhini, imepakwa rangi nyeupe na mbele yake ina ngao ya msalaba mwekundu. Wapita njia hudhani ni alama ya bomba la maji au ya maili. Kumbe ni bikoni ya kodi. Ilimwambia mwenye makaa ya mawe kwamba kuanzia hapo kwenda ndani, mzigo wake unadaiwa ushuru na Jiji la London, yaani mamlaka ya kitovu cha kale cha London. Zilisimikwa takriban 280, na zipatazo 210 zingalipo.

Ushuru wenyewe ni mkongwe kuliko nguzo. Jiji lilikuwa likitoza makaa tangu Zama za Kati, na enzi hizo kazi ilikuwa rahisi, maana makaa yote yalikuja kwa meli na kushushwa kwenye magati ya mto Thames. Baada ya Moto Mkuu wa 1666, fedha za makaa ndizo zilizojenga upya kanisa kuu la St Paul's na makanisa mengi ya parokia. Karne ya 19 zikasaidia kujenga kuta na barabara za kingo za Thames.

Mfereji na reli ndivyo vilivyoharibu mambo. Makaa yalianza kuingia mjini bila kupita gatini. Mwaka 1845 Bunge likaweka mpaka wa duara, maili 20 kutoka Posta Kuu ya London, na mwaka 1851 likaruhusu mpaka huo uwekewe alama. Duara ni jambo jepesi kwenye karatasi, lakini shambani hakuna anayeliona. Sheria ya 1861 ikaliacha, ikachukua mpaka wa eneo la Polisi wa London pamoja na Jiji lenyewe, eneo dogo kuliko lile la kwanza. Alama nyingi tunazoziona leo ni za sheria hiyo, na baadhi ni za 1851 zilizong'olewa na kusimikwa upya.

Watu wengi hufikiri kila nguzo ilikuwa na mtoza ushuru aliyesimama na daftari. Sivyo. Kazi ya nguzo ilikuwa kutoa taarifa tu, asiwepo wa kusema hakujua mpaka ulipo. Hesabu zilifanywa na kampuni za reli na za mifereji pamoja na wafanyabiashara wa makaa, nao ndio waliopeleka fedha Jijini. Ushuru ulifutwa kwa sheria ya 1889. Nguzo zikabaki, kwa kuwa kung'oa chuma kizito kilichofukiwa vizuri ni gharama isiyo na faida.

Umbo la alama hutegemea njia iliyokuwa ikilindwa. Barabarani na vijiani ni nguzo hizi fupi, zilizotengenezwa na Henry Grissell katika karakana yake ya Regent's Canal. Kwenye kuta za madaraja ni bamba au kisanduku cha chuma cha takriban sentimita 23 kila upande. Kando ya reli ni mnara mwembamba wa chuma au wa jiwe, wa karibu mita 4.5, na kwenye mito na mifereji ni jiwe la matale.

Sasa isome. Chini ya ngao utakuta maandishi kama haya: 24 & 25 VICT CAP 42. Hakuna mwaka wa kawaida humo, na hapo ndipo wengi hukwama. Sheria za Uingereza zilihesabiwa kwa miaka ya utawala. Malkia Victoria, ndiye VICT, alirithi kiti tarehe 20 Juni 1837, kwa hiyo mwaka wake wa 24 uliisha Juni 1861 na wa 25 ukaanza papo hapo. Kikao cha Bunge kilichovuka tarehe hiyo hubeba namba zote mbili, na CAP 42 ni sura ya 42 ya kikao hicho. Njia ya mkato: chukua namba ya pili, ongeza 1836. Ukipata 25 ni 1861; ukikuta 14 & 15 VICT C 146, ni 1851. Ngao nayo ina upanga mfupi katika robo ya juu kushoto. Ukiuona upanga, hiyo ni nembo ya Jiji. Msalaba mtupu ni wa Mtakatifu George, na hautoshi kuthibitisha lolote.

Maandishi haya hayakuchongwa. Kielelezo cha mbao kilikandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, kikatolewa, na chuma kilichoyeyuka kikamiminwa kwenye nafasi iliyobaki. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2.5 na 4, ndiyo maana hujaza vizuri hata pembe za herufi. Kaboni hiyohiyo hukifanya kivunjike kwa kishindo badala ya kupinda. Gari likiigonga nguzo, usitarajie kuinyoosha.

Kinachoziua zaidi ni unyevu wa usawa wa ardhi. Chuma huliwa polepole na kuacha grafiti iliyoshikilia umbo lilelile, kiasi kwamba nguzo inaonekana nzima. Choma taratibu kwa ncha ya kisu: chuma kizima hukataa, kilichoharibika hukatika kama kiini cha penseli. Kosa la pili ni la watu wema wanaomimina zege kuzunguka shina ili nguzo isiyumbe. Zege hujitenga kidogo na chuma, maji huingia kwenye ufa na hayatoki. Afadhali udongo ulioinamishwa kuelekea nje.

Kabla ya kugusa chochote, uliza halmashauri. Nguzo nyingi zimeorodheshwa kisheria kama urithi unaolindwa, katika daraja la II, na kuihamisha au kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Kibali kikipatikana, piga picha za pande zote, kisha chukulia kwamba rangi ya zamani ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Usiipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto wa gesi. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea rangi, ikwangue ikiwa na unyevu, kusanya mabaki yote. Kutu iliyolegea iondoe kwa brashi ya waya. Chuma kikishakauka, paka rangi ya msingi yenye fosfati ya zinki siku hiyohiyo, maana kutu mpya huanza ndani ya saa chache. Tabaka mbili za msingi, moja ya kati, kisha mbili za juu, zote nyembamba. Rangi nzito hufukia herufi, na nguzo nyingi "zilizofutika" ziko salama kabisa chini ya tabaka za rangi.

Ufa usichomelewe kwa umeme kama chuma cha kawaida. Kingo za mshono hukauka zikawa ngumu mno na kupasuka tena zikipoa. Mafundi wa chuma cha kusubu huushona bila moto, kwa pini za chuma.

Mimi nahofia zaidi uhamisho kuliko kutu. Kila barabara inapopanuliwa nguzo husogezwa mita kadhaa, mara nyingine hupelekwa ng'ambo ya pili, na hapo inakuwa shahidi wa uongo. Linganisha mahali ilipo na ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ambako nguzo ya mpaka (boundary post) huandikwa B.P. Vikitofautiana, andika umbali na uelekeo kutoka mahali pa asili, uupeleke halmashauri pamoja na picha.