"Kadogo" hakamfai mama watoto

Jumamosi asubuhi, jua la Dar halijaanza kuchoma, kaka mmoja alifika na mkewe kwenye uwanja ninapofundisha kupiga bastola. Mama ana duka la vitenge Kariakoo. Jioni anafunga hesabu na kurudi Tabata na mauzo ya siku. Wanataka kuomba kibali cha bastola, wakaona waje kwanza wajue waombe ipi. Nikawapongeza, kwa sababu wengi hunifikia wakiwa wameshanunua. Ndipo kaka akatoa maneno ambayo mwezi huu nimeyasikia mara ya nne: "Fundi, mpe kale kadogo kuliko zote. Mwanamke huyu, kubwa itamshinda."

Nimechoka kuyasikia. Naandika ili mwingine akiyasema, nimtumie haya ayasome kabla hajapanda gari kuja kwangu.

Kadogo aliyoitaka kaka ilikuwa Walther PPK, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1931. Inapendeza kweli, inazama kiganjani. Mama akashika slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, kuivuta, haikuja. Akavuta tena mpaka mabega yakapanda, ikaja nusu na kumponyoka. Nikamsaidia. Risasi ya kwanza ikapita juu ya karatasi. Baada ya ya tatu aliiweka mezani taratibu, mtutu mbele kama nilivyomfundisha, akanyoosha mkono nione. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na mistari miwili myembamba ya damu, imelala sambamba kama reli. Ni slaidi ile. Inaporudi nyuma inapita chini mno, na anayeshika juu, kama anavyotakiwa kushika, inamchana. Nilimwonya, lakini ningemwambia ashushe mkono kidogo tusingefika huko, na hilo nalibeba mimi.

"Fundi, mimi hiki kitu sikitaki," alisema.

Nikampa bastola nyingine, Glock 19. Mume akaguna, kwa kuwa aliiona kubwa. Nikamwomba azipime mkononi, moja kulia, moja kushoto, zote tupu. Alikaa kimya. PPK ni ya chuma, Glock ina fremu (mwili wake) ya plastiki, na zikiwa hazina magazini (kibebeo cha risasi) zote mbili zinacheza kwenye gramu 600 hivi. Ile "nyepesi" haikuwa nyepesi. Mama alivuta slaidi mara moja ikaja yote. Akapiga tano kwenye mita 7, zote zikaingia kwenye karatasi, nne kati ya hizo ungezifunika kwa sahani ya chai.

Hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa hiyo nitakaa hapa. Kila mtu anatazama urefu wa bastola na unene wa risasi, halafu hapo hapo anatoa hukumu. PPK inatumia 9 mm fupi, Glock 19 inatumia 9 mm Parabellum, ambayo ni kali zaidi. Kwa akili ya kaka, kali ndiyo inayopiga teke mkononi. Sasa fungueni bastola zenyewe mtazame. Kwenye PPK mtutu umekazwa kwenye fremu, hausogei. Slaidi haijifungi na kitu. Kinachoizuia isirudi mapema ni uzito wake na springi tu. Ndiyo maana springi ile lazima iwe ngumu, na ndiyo maana mama alishindwa kuivuta. Risasi ikilia, slaidi inaondoka ghafla na kuugonga mkono kwa mkupuo mmoja. Kwenye Glock 19 mtutu na slaidi vinarudi vimeshikana kwa milimita chache, kisha mtutu unainama nyuma, unaachia, na slaidi inaendelea peke yake. Msukumo unasambaa, na springi inaweza kuwa laini. Risasi kali ndani ya bastola hii inaumiza kidogo kuliko risasi dhaifu ndani ya ile. Nimelieleza hili kwa maneno miaka mingi, na bado hakuna anayeamini mpaka apige zote mbili.

Kuna na vidogo vingine, vya plastiki, ambavyo kweli ni vyepesi. Ruger LCP ya mwaka 2008 haifiki gramu 300. Hapo hesabu ni nyingine, tena haina huruma. Kwa risasi ile ile, bastola yenye nusu ya uzito inarudi kwa kasi maradufu na teke lake linabeba nguvu maradufu. Haiulizi aliyeishika ni mwanamke au mwanajeshi. Juu ya hilo kitako chake cha kushikia ni kifupi, vidole viwili vinashika na cha mwisho kinaning'inia hewani. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, mwendo haukamiliki, ganda linabanwa kwenye tundu linakotokea. Kisha mtu ananiletea akisema mbovu. Naipiga mimi, inakwenda bila tatizo.

Shabaha nayo. Vilengeo, cha mbele na cha nyuma, vikiachana sentimita 15 na ukakosea milimita 1, kwenye mita 10 unakosa kwa sentimita 7 hivi. Vikiachana sentimita 10, kosa lile lile linakuwa sentimita 10. Anayeanza ndiye anayekosea zaidi, na ndiye mnayempa vilengeo vilivyobanana.

Bastola ndogo sana ni chombo cha mtu aliyekwisha kujua kupiga, anayekubali kupoteza kitu ili apate kuificha.

Nitasema na upande wa pili, kwa sababu unanisumbua. Hili ni jiji la joto. Februari huwezi kuvaa koti, shati lako jepesi limeloa kabla hujafika Mwenge, na Glock 19 kiunoni inajichora wazi. Nawajua watu waliofuata ushauri wangu, wakachukua bastola ya ukubwa huo, sasa inakaa nyumbani kwenye sefu mwaka mzima. Wakinibana kwamba ndogo iliyo kiunoni inaishinda kubwa iliyo ndani ya sefu, sina jibu la kuwanyamazisha. Kwa hao sasa ninawaonyesha Glock 43X au SIG P365. Zote zinabeba risasi 10 na ni nyembamba. 43X inanipendeza zaidi kwa kuwa kitako chake kinatosha vidole vyote. P365 ni fupi zaidi na inajificha vizuri. Teke lipo, ila linafundishika.

Suala la kutembea na risasi kwenye chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, nimelibadilia jibu mara mbili tangu nianze kufundisha. Kwa sasa mwanafunzi mpya namwambia chemba iwe tupu mpaka nimwone akichomoa na kurudisha mara mia bila kidole kugusa kifyatulio. Najua gharama yake: siku ya hatari atahitaji mikono miwili na muda ambao huenda asiupate. Lakini daladala za jiji hili zinajaa, na nyumbani kuna watoto. Usiku mwingine nalala nikijiuliza kama nimekosea.

Holsta, ala ya kuvalia bastola, ifunike kifyatulio chote, iwe ngumu. Unaporudisha bastola, tazama kwanza pindo la shati lisiingie humo, maana Glock haina kitasa cha usalama cha kufunga kwa dole gumba. Pindo likiingia linafanya kazi ya kidole. Mkoba wa mama siutaki kabisa. Unawekwa kaunta, unaachwa kwenye kiti, mtoto anaufungua kutafuta peremende, na kibaka wa Kariakoo anaanza na mkoba.

Na jasho lile ni chumvi, hewa ya bahari nayo ina chumvi. Jioni ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na magazini usiisahau. Kutu hupenda kuanzia pale chuma kinapogusa ngozi.

Haraka ya nini basi? Kibali chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 kinafungwa na silaha yako hiyo, yenye namba yake. Ukichagua vibaya huwezi kubadilishana na shemeji kama viatu, wala kumwazima. Unarudi polisi na kuanza maelezo.

Mama alipiga risasi 30 siku ile. Kwenye 43X mbili za kwanza zilikwenda chini kushoto, alikuwa anashtukia mlio; tukaingiza risasi bandia katikati ya za kweli bila yeye kujua ipi ni ipi, akauona mkono wake mwenyewe ukiruka kwenye mlio usiokuwepo. Kufikia ya ishirini ulikuwa umetulia. Mumewe akaomba naye ajaribu PPK. Alirudi mezani akiutazama mkono wake, mahali pale pale, na fomu ya kuomba kibali wakaijaza pamoja ndani ya gari. Sijauliza wameandika nini. Wanarudi Jumamosi hii saa 2, na mama amesema atakuja na mdogo wake.