Florini, abiria asiyetaka kushuka

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, soko la Kirumba jijini Mwanza. Juzi nilimkuta akikung'uta gunia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza siku hizi nachunguza nini huko maabara. Nikamjibu: florini. Akaliacha gunia. "Mwanangu, si ndiyo hiyo iliyotuharibia meno?"

Alikulia upande wa Shinyanga akinywa maji ya kisima, na meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ana haki ya kuuliza. Kilichomwachia madoa hayo ni floraidi, yaani florini yenye chaji kama ilivyo ndani ya chumvi, iliyoyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kanda yetu ina visima vinavyopita hapo.

Lakini ninayoshughulika nayo mimi imefungwa kwenye kaboni, na ikishafungwa hapo tabia yake hubadilika. Kifungo hicho ni kigumu kuliko vyote ambavyo kaboni hufunga kwa mkono mmoja: kukikata kunataka takriban kilojuli 485 kwa moli, wakati cha kaboni na hidrojeni ni kama 413. Ndiyo maana watengeneza dawa wanaipenda. Sipro, antibiotiki tunayopewa dukani, ina atomu moja ya florini katika kila molekuli, nayo huisaidia dawa kupenya ndani ya bakteria. Flukonazoli ya fangasi ina mbili. Dolutegraviri ya VVU, mbili pia.

Kazi iko kwenye kuifunga. Kwa njia za zamani florini huingizwa mapema, kwenye malighafi, ndipo molekuli iliyobaki ijengwe kuizunguka. Njia ya Balz na Schiemann ya mwaka 1927 hupitia chumvi za diazoni, zenye atomu mbili za nitrojeni zilizo tayari kuondoka, na baadhi ya hizo hulipuka zikipashwa moto. Ukitaka kujua florini ingefaa zaidi upande wa pili wa molekuli, unaanza upya kabisa. Mimi natamani iingie mwishoni, dawa ikiwa karibu kukamilika. Hapo ndipo tunapohitaji kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha.

Kichocheo nakifananisha na kivuko cha Kamanga. Kinapakia, kinavusha, kinashusha, kinarudi kitupu kuchukua wengine. Chetu ni paladiamu, aina ya metali. Inaingia kati ya pete ya benzini na kipande kiitwacho triflati, triflati inaondoka, floraidi inakaa mahali pake. Hadi hapo safari ni nzuri. Kisha florini inagoma kushuka. Imeing'ang'ania paladiamu, haitaki kuhamia kwenye kaboni, na kivuko kizima kinakwama gatini. Wanakemia walihangaika na hatua hii miaka mingi. Mwaka 2009 kundi la Stephen Buchwald, huko chuo cha MIT Marekani, lilionyesha kwamba paladiamu ikivikwa fosfini nene sana (molekuli ya fosforasi inayoishikilia metali, aina ya kile tunachokiita ligandi), nafasi inakuwa finyu kiasi kwamba kaboni na florini zinasukumwa pamoja na kutoka zikiwa zimeshikana. Niliposoma hilo nikiwa mwanafunzi sikulala vizuri. Niliona kazi ya maisha yangu.

Adui mwingine ni maji. Floraidi ikizungukwa na maji inapoa, haishambulii kitu. Chumvi ninayotumia, floraidi ya sesiamu, inanyonya unyevu kwa kasi ya kutisha: unaimwaga kwenye mizani ikiwa unga mkavu, unaandika namba daftarini, ukitazama tena chembe zimeanza kushikana kama sukari iliyoachwa wazi msimu wa mvua. Mwaka wangu wa kwanza sikuikausha vya kutosha. Kwenye kipimo cha NMR, kinachotumia sumaku kuonyesha kila florini imekaa wapi, nilitarajia mstari wa florini iliyofungwa kwenye pete karibu na −115, nikakuta ule wa triflati tu, −78. Wiki tatu za kazi zilikwenda na maji.

Sasa ninaikausha kwa joto ndani ya ombwe usiku kucha. Mstari unaonekana, ila kwa pete fulani florini hukosea mlango na kukaa kwenye kaboni ya jirani. Molekuli hizo mbili zinafanana mno, na kuzitenganisha ni mateso. Nadhani ligandi ndiyo ya kurekebishwa, si joto. Jumatatu nitaanza na chupa sita, kila moja na fosfini yake.