Hali ya kijenzi haichelewi

Katika React, maktaba ya JavaScript ya kuundia kurasa, hali (state) ni thamani ambayo kijenzi (component, yaani funksheni inayochora sehemu ya skrini) huikumbuka kati ya mchoro mmoja wa skrini na unaofuata, kwa mfano idadi ya bidhaa zilizomo kikapuni. Hubadilishwa kwa funksheni (hapa tuiite setIdadi) inayotolewa na useState, iliyoingia katika toleo la 16.8 mwaka 2019. Maana yenyewe inaishia hapo.

Linalohitaji maelezo ni ule usemi unaorudiwa katika mafunzo mengi kwamba hali "husasishwa kwa kuchelewa", eti ndiyo maana mtu akiita setIdadi(idadi + 1) wakati idadi ni 0, kisha akachapisha idadi katika mstari wa pili, huona 0 ile ile. Aliyefundishwa hivyo huongeza setTimeout, funksheni ya kuahirisha kazi, husubiri sekunde tatu nzima, na bado huona 0. Hakuna kilichochelewa. Kila inapochora kijenzi, React huiita upya funksheni yake yote, na ndani ya mwito huo idadi haibadiliki, kiasi kwamba kwa kawaida tunaitangaza kwa const, yaani kama jina lisilopewa thamani nyingine (neno ambalo lingetosha kututia shaka). Funksheni zote zilizoundwa katika mwito huo, ikiwemo ile iliyokabidhiwa setTimeout, hubaki na 0 hata zikitekelezwa kesho. Kazi ya setIdadi ni kuomba mchoro mwingine, na huo ndio unaopata 1. Picha iliyokwisha kupigwa haigeuki kwa sababu aliyepigwa amenyoa ndevu.

Ndiyo sababu kuita setIdadi(idadi + 1) mara tatu katika mbofyo mmoja huleta 1, wala si 3, kwani kila mwito umesema "weka 0 + 1". Anayetaka 3 aandike setIdadi(n => n + 1), ambapo kila funksheni kwenye foleni hupokea matokeo ya iliyoitangulia. Ni kweli kwamba React hukusanya maombi kadhaa na kuchora mara moja, na tangu toleo la 18 la mwaka 2022 hufanya hivyo hata ndani ya setTimeout, lakini huo ni utaratibu wa kupunguza michoro: hata ingechora papo hapo, kigeu cha mchoro wa zamani kingebaki 0.

Kwa hiyo anayefundisha, badala ya kumwambia mwanafunzi asubiri, ni afadhali amwonyeshe jinsi ya kuandika const mpya = idadi + 1, kuitumia mpya hapo hapo, kisha kuipeleka kwa setIdadi.