Kasi ya kijana si kipimo cha damu

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa baiskeli alinitumia picha aliyoipiga kwenye kioo cha simu. Namba moja ameizungushia duara jekundu: wati 6.4 kwa kilo, yaani nguvu ya kukanyaga kwa kila kilo ya mwili. Chini yake ameandika: "Daktari, kijana ana miaka 17. Kapanda mlima wa Mto wa Mbu kama hana uzito. Watu wanasema anatumia dawa. Nimtoe kwenye timu au nimwache?"

Nimechoka na swali hili. Sijamchoka mwalimu mwenyewe, ambaye angalau aliuliza kabla ya kumfukuza mtoto wa watu. Nimechoka na imani iliyo nyuma yake: kwamba ukiwa mdogo na ukawashinda wakubwa, kasi yako ndiyo ushahidi kwamba unatumia dawa za kuongeza nguvu. Tangu Jumapili ya 28 Septemba 2025, Tadej Pogačar alipochomoka kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli kule Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100 na kumaliza peke yake, kila anayejua kazi yangu ananiletea ujumbe huo huo. Sasa imani hiyo imeshuka kutoka kwa bingwa wa dunia mwenye timu ya madaktari hadi kwa mtoto anayefanya mazoezi kwa baiskeli ya kuazima.

Nianze na namba. Simu ya yule kijana haikupima wati hata moja, maana baiskeli yake haina kifaa cha kupimia nguvu. Programu ilichukua muda, umbali na kimo cha mlima, ikaongeza uzito aliojaza mwenyewe, ikakisia. Ndivyo wanavyofanya pia watu wanaowatazama akina Pogačar na Jonas Vingegaard kwenye televisheni, saa mkononi, kisha wanatangaza hukumu kabla mshindi hajavua kofia. Hesabu yenyewe si mbaya, hata mimi naitumia. Ila ina tundu kubwa ambalo wenye kuisambaza hawalitaji.

Chukua mpandaji wa kilo 65, baiskeli na nguo kilo 8, mlima wa asilimia 8, mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Kuupandisha mzigo huo kunadai wati kama 349. Tairi kusuguana na lami, 17 hivi. Hewa, ikiwa imetulia kabisa, kama 40. Jumla 406, yaani wati 6.25 kwa kilo. Sasa lete upepo wa kilomita 7 kwa saa, ule wa kupeperusha pazia tu, umsukume mgongoni: jumla inashuka hadi 385, yaani 5.9 kwa kilo. Ugeuze upepo huo huo umpige usoni: 436, yaani 6.7. Mlima haukubadilika, saa haikubadilika. Lakini kwa watazamaji 5.9 ni kipaji safi na 6.7 ni mwizi. Yule kijana alipanda alasiri, wakati upepo wa upande wa Ziwa Manyara unapoukwea ukuta wa bonde, na alikwea nao.

Nilimwita aje apimwe. Alikuja na baba yake mdogo, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti mikono ikiwa katikati ya magoti. Tulimpasha moto, kisha dakika 20 kwa nguvu zake zote. Wastani ulikuwa wati 268, na mizani ilisema kilo 54. Hiyo ni chini kidogo ya 5 kwa kilo. Kwa kijana ambaye hajawahi kupangiwa mazoezi na mtu yeyote ni namba nzuri sana, na haimshtui yeyote anayepima vijana. Nilipomsomea, alinywea. Ile 6.4 alikuwa ameiamini na yeye.

Halafu kuna hoja ya umri. Wanasema zamani mpanda baiskeli alikomaa akiwa na miaka 28, sasa watoto wanashinda, basi kuna kitu. Ni kweli Pogačar alichukua Tour de France ya 2020 siku moja kabla ya kutimiza miaka 22, baada ya kumpindua Primož Roglič aliyekuwa mbele kwa sekunde 57, katika mbio za kushindana na saa za kupanda La Planche des Belles Filles. Egan Bernal alishinda Tour ya 2019 akiwa na miaka 22, na Remco Evenepoel Vuelta ya Hispania ya 2022 akiwa na umri huo huo. Lakini Fausto Coppi alishinda Giro ya Italia ya 1940 ana miaka 20. Felice Gimondi alichukua Tour mwaka 1965 na Laurent Fignon mwaka 1983, kila mmoja akiwa na miaka 22. Sisemi wazee hao walikuwa safi. Fignon alikuja kukiri mwenyewe. Nasema umri hauwatenganishi waliotumia na wasiotumia. Kilichokuwa kikiwachelewesha vijana kwa sehemu kubwa ni mpangilio wa timu: kijana alibeba chupa za maji za kiongozi wake miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kushambulia. Leo timu inaona namba za nguvu za mtoto wa miaka 16 na kumsajili kabla hajamaliza shule.

Na lugha yetu nayo inatuponza. Redio zinasema dawa za kusisimua misuli, magazeti ya Kenya yanasema za kututumua misuli, na msikilizaji anabaki akitafuta misuli. Nimemsikia mzazi akimtetea mwanawe kwa kusema, "Mtazame, ana misuli gani?" EPO haitafuti misuli. Ni homoni inayotengenezwa na figo, na kazi yake ni kuuamuru uboho uzalishe chembe nyekundu za damu. Chembe zikiongezeka, oksijeni inayofika miguuni inaongezeka. Anayenufaika nayo zaidi ni yule mwembamba wa kupanda milima, mwenye miguu kama ya korongo. Kwa hiyo wembamba haumsafishi mtu, kama ambavyo kasi haimchafui.

Tunachosoma ni damu, na hapa naomba subira, kwa sababu ndipo watu wanapopakimbia.

UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ilianzisha pasipoti ya kibaiolojia, yaani rekodi ya vipimo vya damu vya kila mpandaji, mwaka 2008. Haitafuti dawa, inatafuta nyayo za dawa. Tunatazama hemoglobini, yaani kibeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, na retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka kwenye uboho juzi tu. Mtu mwenye hemoglobini ya gramu 150 kwa lita na retikulosaiti asilimia 1 ana alama ya 90: unachukua hemoglobini, unatoa mara 60 ya kipeuo cha pili cha retikulosaiti. Akitumia EPO wiki kadhaa kisha akaacha ili asinaswe, hemoglobini inabaki juu, tuseme 165, lakini uboho umelala kwa sababu damu imejaa, na retikulosaiti zinashuka hadi 0.36. Alama inapanda hadi 129. Akitoa damu yake ili aihifadhi kwa ajili ya mashindano, mambo yanageuka: hemoglobini 140, uboho unahangaika kufidia, retikulosaiti 1.96, alama 56. Ndiyo maana namba moja peke yake hainiambii kitu. Nataka mfululizo wa miaka. Nataka kuona kama hemoglobini ilishuka katikati ya mbio za wiki tatu, kama inavyotakiwa kushuka maji ya damu yanapoongezeka, au ilikaa palepale kama imepigiliwa msumari. Mfululizo ukitia shaka, wataalamu watatu wanausoma bila kuona jina la mtu.

Hata hapo kuna mambo yanayoninyima usingizi. Hemoglobini tunayoipima ni ya kila lita, na lita hubadilika. Kaa juani na kiu, damu inakuwa nzito. Kunywa maji mengi, inakuwa nyepesi. Ndiyo maana mtu anakalishwa dakika 10 kabla ya kutolewa damu, na fomu inamuuliza kama alikuwa mahali pa juu. Mdanganyifu anayejua haya hutumia kiasi kidogo sana, mara kwa mara, na mistari yake inabaki ndani ya mipaka. Vitabu vya mafunzo vinapita hapo haraka. Mimi siwezi kupita haraka, kwa sababu nimewahi kukaa na jedwali la mtu mbele yangu saa nzima na nikainuka bila kujua.

Kinachopima jumla halisi ya hemoglobini mwilini ni ile njia iliyozua kelele wakati wa Tour ya 2024. Unamvutisha mtu kiasi kidogo cha kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua waliolala na jiko la mkaa chumbani, kisha unapima ni sehemu gani ya hemoglobini imeshikwa nayo. Ukijua kiasi ulichompa, unapata jumla. Timu zilisema zinaitumia kuona kama kambi ya mlimani imeleta faida, na kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri, bora kuliko tulicho nacho kwenye pasipoti. Nilipigiwa simu wiki nzima na watu waliodhani wamegundua siri ya vijana hawa. Lakini kuivuta mara kwa mara ni jambo jingine, kwa sababu mwili unadhani uko mlimani na unaweza kuongeza chembe. UCI iliipiga marufuku nje ya vituo vya tiba kuanzia 10 Februari 2025, na nilifurahi.

Wanaowatetea vijana nao wananikera kwa kiwango kile kile. "Amepimwa mara mia, hajakamatwa." Lance Armstrong aliitumia kinga hiyo miaka mingi, na kilichomwangusha mwaka 2012 ni ushahidi wa wenzake waliokuwa naye timu moja. Kashfa ya timu ya Festina mwaka 1998 ilianza na gari la msaidizi wake, Willy Voet, kusimamishwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likiwa limejaa dawa. Mwaka 2006 Hispania na mwaka 2019 Austria, waliogonga milango ya mitandao ya dawa walikuwa polisi. Hata Femke Van den Driessche wa Ubelgiji, aliyekuwa na miaka 19 mwaka 2016, hakunaswa na mkojo wala damu: mota ilikutwa imefichwa ndani ya fremu ya baiskeli.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nimshuku nani, namwambia aache milima awatazame watu wanaomzunguka kijana. Nani anampa vidonge na anasema ni vitamini? Nani anamzuia asione daktari mwingine? Hili linagusa hata wakubwa. Mauro Gianetti, kiongozi wa timu ya Pogačar, ndiye aliyekuwa meneja wa timu ya Saunier Duval mwaka 2008, mpandaji wake Riccardo Riccò alipokutwa na CERA, aina ya EPO, na timu nzima ikajitoa kwenye Tour. Hilo halimfanyi Pogačar kuwa na hatia. Hadi naandika haya hajawahi kukutwa na kosa lolote la dawa. Lakini ni swali lenye miguu ya kusimamia. "Kapanda haraka mno" haina.

Na kuna jambo linalowahusu vijana hasa. Pasipoti humjua mtu kwa historia yake. Sampuli ya kwanza inalinganishwa na watu wote, kwa mipaka mipana; mipaka hiyo inasinyaa kadiri sampuli zinavyoongezeka. Kijana wa miaka 17 hana historia, na wengi wa umri huo hawajawahi kutolewa damu na mtu yeyote wa kupambana na dawa. Kama mtu mzima mwovu amemwahi, mstari wa kwanza tutakaouchora utakuwa umeshachafuka, nasi tutauita wa kawaida. Tungemnasa pale tu atakapopanda na kushuka. Hili linaniuma kuliko yote, na dawa yake inajulikana: kuwatoa damu mapema, mara nyingi, na kulipia gharama zake. Kwetu hakuna anayelipia.

Nilimjibu mwalimu kwamba asimtoe. Nilimwambia pia aache kusambaza picha ya simu, na anunue kifaa cha kupimia wati hata kilichotumika.

Kijana mwenyewe, kabla ya kuondoka, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa nifanyeje ili wajue situmii?" Baba yake mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kofia ya baiskeli mkononi. Nilimwambia ukweli kwamba hakuna kipimo kinachothibitisha hivyo, si kwake wala kwa bingwa wa dunia. Akafikiri kidogo, akakunja mkono wa jezi, akanyoosha mkono. Nikamkalisha dakika zake 10, miguu sakafuni, nikamtoa damu. Hemoglobini 156, retikulosaiti asilimia 1.1. Nimeandika tarehe juu ya faili, na nimempangia arudi baada ya wiki sita.