Jiwe lililofungwa jani si sadaka ya jadi ya Hawaii

Wageni wengi wanaozuru heiau, yaani mahekalu ya kale ya Hawaii, huamini kwamba heshima ya jadi ni kuokota jiwe, kulifunga kwa jani la mmea uitwao ti na kuliacha ukutani. Nia yao ni njema: wamekuta mawe ya waliotangulia, wakafuata.

Hata hivyo, desturi hiyo imeenezwa zaidi na utalii, na watunzaji wa maeneo hayo huomba iachwe. Kuta za heiau, kama ile ya Puʻukoholā, zimepangwa kwa mawe ya volkano bila chokaa wala saruji. Kila jiwe limeshikwa na uzito wa mengine. Ukichomoa moja, yaliyo juu yake hulegea. Tena wapo Wahawaii wanaosali hapo hadi leo. Kwao si magofu.

Michoro iliyochongwa miambani nayo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Puʻuloa, eneo la michoro hiyo katika kisiwa cha Hawaii, lina zaidi ya 23,000, na mingi ni vishimo vidogo ambamo wazazi waliweka kitovu cha mtoto wakimwombea maisha marefu. Kuikanyaga au kuipaka chaki huiharibu.

Ukitaka kuhakikisha, soma kibao cha mlangoni, uliza wenyeji zaidi ya mmoja, kisha angalia kama maelezo ya zamani yanaitaja desturi hiyo au ni vijitabu vya watalii tu. Kwa picha, nenda asubuhi mapema au jioni: jua likiwa chini, vivuli huuonyesha mchoro vizuri bila kuugusa.